"Zitu Zangu" si Kosa: Maoni Kuhusu Kufundisha Nomino kwa Michezo Kisiwani Pate

Asubuhi moja mwalimu wa Gredi ya Tatu katika shule moja ya msingi kisiwani Pate aliniomba nimsaidie kusahihisha madaftari. Nilikuwa nimekwenda kisiwani kukusanya vitendawili kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kwa kuwa mgeni mwenye kalamu hakosi kupewa kazi, sikukataa. Zoezi lilikuwa la kugeuza sentensi kutoka umoja hadi wingi. Sentensi ya tatu ilikuwa hii: "Kitu changu ni kizuri." Mtoto mmoja, mzawa wa papo hapo, alikuwa ameandika: "Zitu zangu ni zizuri." Mwenzake, ambaye babake ni mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huko kutoka bara, alikuwa ameandika: "Vitu zangu ni nzuri." Mwongozo wa kusahihisha niliopewa ulikuwa na jibu moja tu, nami nikawatia wote wawili alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Niliufunga mkono wangu juu ya daftari la nne. Makosa mawili, alama moja. Lakini je, yalikuwa makosa mawili kweli? Mtoto wa pili amevunja upatanisho wa kisarufi: nomino yake iko katika ngeli moja, kivumishi kimilikishi kiko katika ngeli nyingine, na kivumishi cha sifa hakijui kimfuate nani. Yule wa kwanza hakuvunja chochote. Katika lahaja za kaskazini, wingi wa ki- si vi- bali ni zi-. Chombo huwa zombo, chuo huwa zuo, kitu huwa zitu, na kila neno linaloandamana na nomino hiyo hufuata: zitu, zangu, zizuri. Upatanisho wake umenyooka kuliko kamba ya nanga. Kosa lake pekee ni kuzaliwa mahali ambapo Kiswahili hakikuzaliwa sanifu.

Ndugu msomaji, makala haya ni maoni, wala si matokeo ya utafiti. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Sarufi ni jirani yangu tu, ninayemwamkia asubuhi na kupita. Hata hivyo, wiki zile nilizokaa Pate zilinifanya niamini kuwa namna tunavyowafundisha watoto aina ya kwanza kabisa ya maneno, yaani nomino, ina kasoro ambayo sisi wa vyuo vikuu tunaijua na kuinyamazia. Aidha, zilinionyesha kuwa dawa yake si ghali. Imetapakaa ufukweni na jikoni, na nyingine imo vinywani mwa watoto wenyewe.

Tuanze na fasili. Nilipoingia darasani kwa mara ya kwanza nikiwa mwalimu wa msaada, niliuliza, "Nomino ni nini?" Darasa zima likaghani kwa sauti moja kuwa nomino ni neno linalotaja mtu, kitu, mahali au hali. Walighani vizuri mno. Watoto wa chuo cha Kurani wanajua kuhifadhi, wala mimi si miongoni mwa wanaodharau kuhifadhi. Kisha nikauliza kama "kimbia" ni nomino. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema ndiyo. Kwa nini? "Kwa sababu ni kitu mtu anafanya." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa ameitumia fasili yetu kwa uaminifu kuliko sisi tulioitunga. Nikauliza kuhusu "uzuri", wakagawanyika. Aliyekataa alisema uzuri haushikiki.

Fasili ya maana ndiyo iliyomo katika vitabu vingi, nayo ni fasili ambayo hata mwanaisimu aliyebobea hawezi kuitegemea peke yake. Kinachoitambulisha nomino ya Kiswahili ni tabia yake: nomino ina ngeli, na ngeli hiyo huyaamrisha maneno mengine yavae sare yake. Jambo hili mtoto mwenye Kiswahili cha nyumbani analijua kabla hajalijua darasa. Hajui kwamba analijua, basi. Kazi ya mwalimu ingekuwa kumwonyesha mtoto hazina aliyokwisha kuipata, badala ya kumpa sentensi ya kuhifadhi juu yake.

Siku iliyofuata niliandika kadi. Kadi moja ilikuwa na "-angu" tu. Nyingine ishirini zilikuwa na maneno: kikapu, jiwe, wimbo, uzuri, kuogelea, lala, sana, mkeka, ulimi, keti, na kadhalika. Mtoto mwenye "-angu" huzunguka darasani, hukutana na mwenye neno, na wawili hao hutamka neno lao kwa pamoja. Darasa ndilo hakimu, nalo huhukumu kwa sikio. Kikapu changu: sawa. Jiwe langu: sawa. Uzuri wangu: sawa, na yule aliyesema haushikiki akatikisa kichwa. Kuogelea kwangu: walisita, wakalirudia, wakakubali. Halafu "-angu" akakutana na "keti". Keti changu? Keti yangu? Darasa liliangua kicheko hata mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani.

Kicheko kile ndicho ninachotaka wahadhiri wangu wakisikie. Mtoto hawezi kucheka kosa la sarufi ambayo hana. Waliocheka "keti changu" walikuwa wametofautisha nomino na kitenzi bila kutajiwa istilahi hata moja, na kwa usahihi ambao fasili waliyoighani jana yake haikuwapa. Baada ya hapo ndipo nilipoandika neno "nomino" ubaoni, kama jina la kikundi kile cha maneno kilichokubali "-angu".

Sitaki kudai kuwa mchezo huu hauna mashimo. Ulinikwama kwenye "baba". Mvulana mmoja aliuliza: ikiwa mtoto ni "wangu" na mwalimu ni "wangu", mbona baba ni "yangu"? Nilianza kueleza habari za majina ya ujamaa nikajikuta ninajikanyaga. Watoto wakaniokoa wenyewe: "Sisi twasema babangu." Tukaendelea. Ninakiri pia kuwa kuna maneno ambayo kipimo cha "-angu" hukitatiza, na mwanafunzi wa isimu atanitajia kadhaa kabla hajaufikia mwisho wa aya hii. Ninachosema ni kuwa kipimo hiki ni bora kuliko wimbo wa "mtu, kitu, mahali au hali" kwa mtoto wa miaka minane.

Hapa ninaomba nitoe dukuduku kuhusu istilahi yenyewe. Vitabu vya zamani vya sarufi viliita aina hii ya neno "jina". Baadaye tukaona "jina" lina maana nyingi mno, tukachukua "nomino", ambalo asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ile ile ya jina. Kwa mwanafunzi wa chuo, tofauti hii ina manufaa. Kwa mtoto wa Pate, ambaye nyumbani husema "ina", tumempandishia ngazi mbili: kwanza "ina" awe "jina", kisha "jina" awe "nomino". Sioni hasara gani tungepata iwapo "jina" lingetumika hadi gredi za juu.

Vifaa ni jambo jingine. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuingia nchini kote kuanzia mwaka 2019, unasisitiza shughuli na vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Kwa maandishi, hakuna la kulalamikia. Lakini picha nilizozikuta kwenye kuta za darasa lile zilikuwa za matatu, treni na twiga. Nje ya dirisha kulikuwa na mnazi.

Nao mnazi ni somo zima la nomino. Nilimwomba mzee mmoja anayeangua nazi atupe matunda ya umri mbalimbali, akatuletea kikapu tele. Tuliyapanga sakafuni toka dogo hadi kuukuu: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tunda ni moja, majina ni matano. Kisha kila mtoto akalishika tunda lake na kulitambulisha kwa mwenziwe: kidaka hiki, kitale hiki, dafu hili, koroma hili, nazi hii. Tazama kilichotokea. Tunda lile lile, kadiri linavyokua, limetoka ngeli ya KI-VI likaingia LI-YA na kuishia I-ZI. Watoto waliliona hilo kabla yangu. Mmoja akasema kuwa kidaka na kitale huanza na ki- "kwa kuwa bado ni toto". Kama angelisema hivyo katika ukumbi wetu wa semina, tungelimwomba aandike makala. Nimesoma sarufi za Kiswahili tangu kidato cha kwanza, na sikumbuki kuona mfano uliobeba mambo mengi hivi kwa gharama ndogo hivi.

Si ajabu basi kuwa mshairi mkubwa wa Lamu, Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), alitunga Umbuji wa Mnazi, kazi iliyochapishwa mwaka 1985, akiutaja mnazi, sehemu zake na manufaa yake. Kabla ya hapo, mwaka 1979, kulichapishwa Sambo ya Kiwandeo, utenzi wake juu ya kuundwa kwa chombo cha baharini. Sisi huzisoma kazi hizi kwa jicho la bahari na arudhi. Mimi nimeanza kuzisoma kama hazina za nomino: mtu aliyehofia kuwa majina ya vitu yangepotea aliamua kuyafunga ndani ya mizani yasitoroke. Nabhany ndiye pia tunayemshukuru kwa "runinga". Aliyejua kuyahifadhi majina ya zamani ndiye aliyejua kuunda mapya. Sidhani kuwa hiyo ni sadfa.

Mfano wangu wa pili ulitoka jikoni. Niliwaomba watoto walete kitu kimoja kila mmoja kutoka nyumbani, kisichovunjika na kisichomkasirisha mama. Msichana mmoja alileta mbuzi ya kukunia nazi. Wakati huo huo, kama ilivyo desturi ya Pate, mbuzi mwingine mwenye miguu minne alikuwa amejipitisha mlangoni akitafuna kipande cha karatasi. Ni mwalimu gani angeacha nafasi kama hiyo impite? "Mbuzi huyu", "mbuzi hii". Mbuzi huyu amekula karatasi; mbuzi hii imekatika mguu. Neno ni moja, maandamano mawili. Tukaongeza kaa: kaa huyu wa mikokoni, na kaa hili la moto. Tukaongeza ndege huyu wa mtini na ndege hii inayotua kiwanjani Manda. Kwa dakika arubaini watoto wale walijadili suala ambalo sisi huliita uhai na ngeli, nao wakaligeuza kuwa mzaha: kila aliyekosea aliambiwa atakuna nazi kwa mbuzi mwenye pembe.

Kwa nomino za pekee sikuhitaji kubuni kitu, kwa sababu mababu walikwisha kubuni. Mtoto akitegewa kitendawili na kushindwa kukitegua, huombwa mji. Hapo ndipo nomino za pekee humiminika: anatoa Siyu, anakataliwa, anatoa Faza, anakataliwa, anatoa Kizingitini, mtegaji anasema kamba-mti wa huko ni wengi, ameupokea. Siku moja mtoto aliyeshindwa alitoa Nairobi. Mtegaji alifikiri kidogo kisha akasema hautaki, una baridi. Niliwafanya waandike kila mji uliotolewa, kwa herufi kubwa mwanzoni, na mwisho wa kipindi walihesabu nani ametajirika. Kwa watoto wale, herufi kubwa iligeuka kuwa hati ya kumiliki mji. Tangu siku ile hakuna aliyeandika "siyu" kwa herufi ndogo.

Kuhusu nomino za makundi nitasema machache, kwa kuwa zinanikera. Tunawahifadhisha watoto orodha ndefu: thurea ya nyota, shada la maua, halaiki ya watu. Mtoto wa Pate anajua mtungo wa samaki, kwa sababu ameubeba kutoka pwani hadi nyumbani na umemlowesha kanzu. Anajua chane ya ndizi. Hayo yanatosha kwa kuanzia. Thurea lenyewe asili yake ni jina la Kiarabu la nyota zile ambazo wavuvi wetu huziita kilimia. Kama ni lazima lifundishwe, lifundishwe usiku, nje, pamoja na baba anayezitumia.

Sasa nirejee kwenye "zitu", maana ndiko kidonda kiliko.

Tuliandaa daftari moja kubwa la darasa zima. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: Nyumbani na Darasani. Kazi ya watoto ilikuwa kuleta jina moja kila siku kutoka nyumbani na kulitafutia mwenzake wa darasani. Ina, jina. Iwe, jiwe. Mato, macho. Kitwa, kichwa. Nti, nchi. Ndia, njia. Zombo, vyombo. Sikuwaeleza kanuni yoyote. Siku ya nne mvulana mmoja alisimama na kutangaza kuwa "wao wakisema vi sisi twasema zi, na wao wakisema cha sisi twasema ta". Watu hupewa shahada kwa maneno kama hayo. Siku ya tano kanuni hiyo ikawapoteza: msichana mmoja, akitaka kusanifisha, aliandika kuwa "mtu" wa nyumbani ni "mchu" wa darasani. Wenziwe walicheka, mpaka mtoto mmoja, ambaye nyanyake ni wa upande wa Faza, akasema kwa sauti ya chini kuwa kwa nyanyake ndivyo wanavyosema, mchu. Na kweli, ndivyo Kitikuu kilivyo. Tukaongeza safu ya tatu.

Wapo watakaoniuliza: je, mtoto huyu ataujibu mtihani kwa Kipate? La hasha. Mtihani wa mwisho wa Gredi ya Sita, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na ule wa Gredi ya Tisa, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, vyote hutahini Kiswahili sanifu, na mtoto wa Pate ana haki ya kukimiliki Kiswahili hicho kama mtoto yeyote wa Kenya. Sipendekezi lahaja ichukue nafasi ya usanifu. Ninachopendekeza ni kuwa njia fupi ya kumfikisha mtoto kwenye "vitu vyangu" ni kupitia "zitu zangu". Aliyepewa alama ya kosa bila maelezo hujifunza jambo moja tu, kwamba anachokisema mamake ni kibaya. Hajifunzi kuwa zi- yake ni ndugu ya vi-. Atakachofanya ni kunyamaza, na nimewaona waliokwisha kunyamaza: wako Gredi ya Sita, wanajua jibu, hawanyanyui mkono.

Wengine husema kuwa walimu wengi hutoka bara na hawazijui lahaja hizi. Hoja hii ina uzito, tena sitaki mtu adhani ninawalaumu. Mwalimu niliyemsaidia alikuwa mchapakazi, na mwongozo aliopewa haukumwambia kuwa zi- ipo. Lakini njia ya daftari haimtaki mwalimu aijue lahaja. Inamtaka akubali kutoijua, na awaulize watoto. Katika darasa lile, kwa muda wa wiki kadhaa, mwalimu ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa safu ya kwanza, na watoto wakawa wanafunzi wa safu ya pili. Sikuona heshima yake ikipungua.

Waama, lawama ninayo, na mahali pake ni hapa chuoni. Sisi tunasoma kwamba usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Tunayaandika hayo katika mitihani na kuendelea na maisha. Wakati huo huo, fasihi tunayoiita kongwe na kuionea fahari, sehemu kubwa yake ilitungwa kwa lahaja hizi hizi. Utendi wa Tambuka ni wa Pate, mwaka 1728. Al-Inkishafi imeuomboleza mji huo huo. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858. Ili tuzielewe kazi hizi, tunafundishwa kuwa ngeli ya vi- huwa zi-, kwamba ch- huwa t-, kwamba jina ni ina. Mwanafunzi wa uzamili akiyaeleza hayo vizuri katika karatasi ya mtihani, hupewa alama. Mtoto wa miaka minane akiyatamka hayo hayo huko huko yalikotungwa, hunyang'anywa alama. Mimi mwenyewe nimetenda yote mawili, kupokea na kunyang'anya, tena katika mwaka mmoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na papo hapo inaitwika dola wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Tunapozungumzia kifungu hiki huwaza lugha za Kibantu za bara, za Kinailoti na za Kikushi. Hatuwazi Kipate, Kisiu wala Kitikuu, kwa kuwa tunadhani Kiswahili kimekwisha kulindwa. Kilicholindwa ni kimoja.

Ninapendekeza chama chetu kifanye jambo dogo. Kila muhula, wanachama wetu kadhaa huenda mazoezi ya kufundisha pwani: Kwale, Kilifi, Mombasa, Tana River, Lamu. Kila anayekwenda akaanzishe daftari la safu mbili katika darasa lake la chini, na arudi na nakala. Hatuhitaji ufadhili, wala ruhusa ya mtu zaidi ya mwalimu wa darasa. Tukiwa na madaftari kumi, tutakuwa na msingi wa kijitabu cha nomino za mahali kwa walimu wanaotoka bara. Wahadhiri wetu wa isimu watusahihishie maendelezo. Sisi wa fasihi tutatafuta vitendawili. Kama kuna mwenye mchezo bora kuliko wangu wa "-angu", hasa utakaoweza kuvuka kizingiti cha "baba yangu", namsihi auandike katika toleo lijalo la jarida hili.

Kuhusu madaftari yale ya asubuhi ya kwanza: niliyarudia. Kwa "vitu zangu" niliacha alama yangu, nikaandika pembeni "sikiliza -angu". Kwa "zitu zangu ni zizuri" nilifuta, nikaandika "sahihi ya nyumbani, andika sasa ya darasani", na mtoto akaandika "vitu vyangu ni vizuri" bila kusitasita, kana kwamba alikuwa akingojea tu kuulizwa. Daftari kubwa limebaki darasani. Siku nilipopanda mashua Mtangawanda kurudi Amu, lilikuwa na majina 211, na ukurasa wa samaki ulikuwa bado haujajaa, kwa kuwa wavulana wawili walikuwa wakibishana kama jina walilolileta ni la samaki mmoja au wawili, na walikubaliana kungoja baba zao warudi kutoka baharini.